Gonga au Gongana? Uhakiki wa Maelezo ya Kanieneo ya Gesi kwa Kiswahili

Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili wa kubeba elimu ya sayansi mara nyingi huanzia na kuishia kwenye istilahi. Huulizwa: kitu hiki kwa Kiswahili kinaitwaje? Jina likipatikana, mjadala hufungwa. Lisipopatikana, lugha nzima huhukumiwa kuwa maskini. Katika makala haya tunakusudia kuutazama upande mwingine wa suala hili ambao, kwa maoni yetu, haujapewa uzito unaostahili, nao ni upande wa vitenzi na minyambuliko yake. Tunadai kuwa mwanafunzi anaweza kupewa istilahi sahihi kabisa na bado akafundishwa jambo lisilo la kweli, kwa sababu tu ya kitenzi kilichochaguliwa bila uangalifu.

Mfano tuliouchagua ni maelezo ya kanieneo ya gesi ndani ya chombo. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni mada inayojitokeza katika matini za ufahamu na tafsiri tunazowapa wanafunzi wetu hapa Uganda, ambako sayansi yenyewe hufundishwa kwa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili ndiye anayebaki na kazi ya kuonyesha kuwa inaelezeka kwa lugha hii. Pili, ni jambo lisiloonekana kwa macho. Mwanafunzi anayesoma kuhusu mbuyu au mto anaweza kutoka nje akatazama. Anayesoma kuhusu molekuli za hewa hana cha kutazama ila maneno yetu. Maneno yakipotoka, hana njia ya kujisahihisha.

Tuichukue basi sentensi ifuatayo. Hatukuinukuu kutoka kitabu chochote. Tumeiunda ili iwakilishe aina ya maelezo ambayo walimu wengi wataitambua mara moja:

"Gesi ina chembechembe ndogo ndogo ambazo hugongana ndani ya chombo, na kwa kuwa zimebanana, husukuma kuta za chombo na kusababisha kanieneo."

Kisarufi, sentensi hii haina dosari. Upatanisho wa kisarufi ni sahihi, istilahi ni sanifu, mtiririko ni mzuri. Msahihishaji wa Kiswahili angeipa alama zote. Hata hivyo, mwanafunzi akiiamini atakuwa amepotoshwa katika mambo mawili ya msingi, na yote mawili yamejificha ndani ya kiambishi kimoja.

Jambo lenyewe ni lipi?

Hatuwezi kuhakiki maelezo bila kukifahamu kinachoelezwa. Hewa tuivutayo imeundwa na molekuli, nyingi zaidi zikiwa za naitrojeni na oksijeni. Kwenye usawa wa bahari, katika sentimita moja ya ujazo ya hewa ya kawaida, yaani nafasi isiyozidi ncha ya kidole, mna molekuli zinazokadiriwa kuwa 25 ikifuatiwa na sufuri 18. Molekuli hizi hazitulii hata kidogo. Kwenye jotoridi la nyuzi 25 za Selsiasi, molekuli za naitrojeni husafiri kwa wastani wa karibu mita 500 kwa sekunde, mwendo unaoupita ule wa sauti hewani.

Molekuli ikifika kwenye ukuta wa chombo huugonga, hudunda na kurudi ilikotoka au kwingineko. Pigo moja ni dogo mno. Lakini kila sentimita mraba ya ukuta hupata, katika sekunde moja tu, mapigo yanayokadiriwa kuwa 3 ikifuatiwa na sufuri 23. Mapigo yakiwa mengi kiasi hicho, ukuta hauwezi kuyahisi moja moja. Huyahisi kama msukumo mmoja usiokatika. Msukumo huo, ukigawanywa kwa eneo, ndio kanieneo. Kwenye usawa wa bahari wastani wake ni paskali 101,325, sawa na uzito wa kilo moja na ushei juu ya kila sentimita mraba. Hapa Kampala, palipo na urefu wa takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, molekuli katika kila sentimita ya ujazo ni chache zaidi, mapigo ni machache zaidi, na kanieneo hushuka hadi karibu paskali 88,000.

Kutokana na maelezo hayo tunaona kuwa kanieneo hutegemea mambo mawili: mapigo ni mara ngapi, na kila pigo lina nguvu kiasi gani. Chombo kikipunguzwa ujazo kwa nusu bila kubadili jotoridi, mapigo huongezeka mara mbili ilhali nguvu ya kila pigo hubaki ile ile. Kanieneo huwa mara mbili. Gesi ikipashwa moto katika chombo kisichotanuka, molekuli huenda kasi zaidi, kwa hiyo hugonga mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Kasi ikiongezeka mara mbili, mapigo huwa mara mbili kwa idadi na mara mbili kwa nguvu, na kanieneo huwa mara nne.

Maelezo mazuri ya Kiswahili ni yale yatakayomwachia msomaji mambo hayo mawili, wingi na nguvu ya mapigo, yakiwa wazi akilini mwake.

Istilahi nne na mipaka yake

Kwa dhana hii Kiswahili kina angalau maneno manne yanayotumika, na kila moja lina makao yake.

La kwanza ni kanieneo, linalotumika katika vitabu vya sayansi vya Tanzania. Limeundwa kwa kuambatanisha kani na eneo, na ni matunda ya juhudi kubwa za kuunda istilahi ambazo mojawapo ya alama zake ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyochapishwa mwaka 1990 na TUKI, taasisi ambayo tangu 2009 ni sehemu ya TATAKI. Uzuri wa neno hili ni kwamba limebeba kanuni ndani yake: kani kwa kila eneo. Udhaifu wake, kama ni udhaifu, ni kuwa linatuambia namna ya kukokotoa, halituambii kani hiyo imetoka wapi.

La pili ni shinikizo. Wasomaji wa magazeti wanalifahamu katika muktadha wa hospitali, shinikizo la damu, na katika siasa, pale waziri anaposhinikizwa kujiuzulu. Katika muktadha huu wa pili kuna mtu mwenye nia anayeshinikiza. Likihamishiwa kwenye gesi, linaacha harufu ya nia: kana kwamba molekuli zinataka kutoka na chombo kinazizuia. Ukweli ni kuwa molekuli hazitaki chochote.

La tatu ni mgandamizo, ambalo wasikilizaji wa taarifa za hali ya hewa za Tanzania hulisikia mara kwa mara. Kitenzi gandamiza humhitaji mtenda aliye nje ya kitu kinachogandamizwa. Tunagandamiza nguo kwenye sanduku. Tunagandamiza gesi kwa pampu. Kwa hiyo neno hili linafaa zaidi kwa kile tunachoitendea gesi kuliko kile ambacho gesi inakitendea chombo.

La nne ni presha, neno la mitaani kote Afrika Mashariki. Hapa kwetu Luganda nayo ina puleesa, na wote wawili, Mswahili na Mganda, wakisikia neno hilo humfikiria mgonjwa kabla ya kufikiria gesi. Inafaa kuongeza hapa kwamba wanafunzi wetu watokao Rwanda huja na umuvuduko w'amaraso, ambapo umuvuduko ni kasi. Lugha hiyo jirani imeichagua picha ya mwendo pale ambapo sisi tumechagua picha ya kubana. Mwalimu anaweza kuitumia tofauti hiyo kama mlango wa somo, mradi tu akumbushe kuwa kasi na kanieneo si kitu kimoja.

Je, tulitupe neno kanieneo kwa kuwa haliielezi sababu? La hasha. Istilahi si insha. Hata Kiingereza, neno lake la dhana hii limetokana na kitenzi cha kubana, wala halisemi lolote kuhusu molekuli zinazogonga. Hakuna lugha iliyoweza kuifungia nadharia nzima ndani ya nomino moja. Kazi ya kueleza sababu ni ya sentensi, na uti wa mgongo wa sentensi ni kitenzi. Hapo ndipo sentensi yetu ya mfano inapoanguka.

Kiambishi kimoja, fizikia mbili

Turejee kwenye neno hugongana. Mzizi ni -gong-. Kauli ya kutenda ni gonga. Tukiongeza kiambishi cha kutendana -an- tunapata gongana. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kuwa -an- huonyesha watenda wanaotendeana: wanapendana, wanagombana, magari yamegongana. Basi "chembechembe hugongana" maana yake ni kuwa chembe A inaigonga chembe B na chembe B inaigonga chembe A. Ukuta haumo.

Lakini kanieneo kwenye ukuta haitokani na molekuli kugongana zenyewe kwa zenyewe. Hutokana na molekuli kuugonga ukuta. Molekuli mbili zinapogongana, mwendo ambao moja inaupata ndio ambao nyingine inaupoteza, na jumla inabaki pale pale. Wanafizikia wanapokokotoa kanieneo ya gesi kwa njia iliyo nyepesi zaidi, huanza kwa kudhania kuwa molekuli hazigongani kabisa, na bado hupata jibu sahihi. Wakidhania kuwa haziugongi ukuta, hawapati kanieneo yoyote. Kwa maneno mengine, sentensi yetu imekitaja kisichohitajika na kukiacha kinachohitajika, na kilichofanya kosa hilo ni kiambishi chenye herufi mbili.

Hatusemi kuwa molekuli hazigongani. Hugongana, tena katika hewa ya kawaida kila moja hugongana na nyingine mara mabilioni kadhaa kwa sekunde. Jambo hilo lina umuhimu wake mahali pengine. Linaeleza kwa nini harufu ya manukato hukawia kufika upande wa pili wa chumba ambamo hewa imetulia, ijapokuwa molekuli zake huenda kwa mamia ya mita kwa sekunde: kila mara zinagongana na nyingine na kupotezwa njia. Hivyo basi tuna matukio mawili na vitenzi viwili. Gongana hueleza kukawia kwa harufu. Gonga hueleza kanieneo. Lugha yetu imetupatia vyote viwili kutoka mzizi mmoja. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mfano wa kuonyesha kuwa minyambuliko hubadili maana kwa uzito hatapata ulio bora kuliko huu.

Kuna pingamizi moja ambalo msomaji makini ataliibua. Je, hatusemi "gari limegongana na ukuta"? Tunasema, na si kosa. Katika matumizi hayo -an- ikiambatana na na inamtaja mshirika wa pili, hata kama mshirika huyo hakusogea. Isitoshe, mtu aliyesoma kanuni ya tatu ya Newton anaweza kutetea kuwa ukuta nao huisukuma molekuli, kwa hiyo kutendana kupo. Tunakubali. Ndiyo maana "molekuli hugongana na kuta" inavumilika. Kisichovumilika ni "molekuli hugongana" iliyoachwa peke yake, kwa kuwa msomaji hana budi kuielewa kama molekuli kwa molekuli. Tunashauri kitenzi kitajiwe yambwa yake waziwazi: molekuli huzigonga kuta.

Aidha, kitenzi kudunda kisisahauliwe. Molekuli inayougonga ukuta na kudunda hutoa msukumo mara mbili ya ule ambao ingeutoa kama ingeugonga na kunata hapo hapo. Neno hili watoto wanalijua kutoka kwenye mpira, halihitaji kufundishwa.

Hali kadhalika tuutazame mrudufu wa kitenzi: gongagonga. Kiswahili hurudufu kitenzi ili kuonyesha tendo linalojirudia mara nyingi, kila mara kwa udogo. Mtu anayegongagonga meza kwa vidole hapigi kwa nguvu, lakini haachi. Hiyo ndiyo picha tunayoihitaji. Tatizo lake ni kuwa mrudufu huu hubeba pia dokezo la utendaji wa hafifu, usio na athari, ilhali jumla ya mapigo ya molekuli inaweza kulipasua gurudumu la lori. Kwa hiyo gongagonga inafaa katika maelezo ya mdomo darasani, lakini katika maandishi ifuatwe na maelezo kuhusu jumla.

Je, zimebanana?

Kosa la pili katika sentensi yetu limo katika neno zimebanana, ambalo nalo limebeba -an- ile ile. Kubanana ni kukosa nafasi. Molekuli za gesi hazijakosa nafasi. Maji yakichemka na kuwa mvuke kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, katika kanieneo ya usawa wa bahari, huchukua nafasi kubwa mara 1,600 hadi 1,700 kuliko yalipokuwa maji. Molekuli ni zile zile, hazikuvimba. Kilichoongezeka ni nafasi tupu iliyo kati yake. Kwa ufupi, gesi ni ombwe lenye molekuli za hapa na pale zinazokwenda mbio.

Wazo la kubanana huletwa, tunavyodhani, na tashbihi tunazozitumia darasani. Inafaa tuzihakiki kama tunavyohakiki tashbihi za washairi, kwa kuuliza: kifananishi kinafanana na kifananishwa katika nini, na kinatofautiana katika nini?

Tashbihi ya kwanza ni ya abiria. Husemwa kuwa gesi ndani ya chombo ni kama teksi ya abiria 14 iliyojazwa watu 20, wote wakiibana milango. Tashbihi hii inachekesha na inakumbukika, na hiyo ndiyo hatari yake. Imekosea kila mahali: abiria wamegusana, molekuli zimeachana, abiria wametulia, molekuli zinakwenda, abiria wanasukuma mfululizo, molekuli zinagonga na kuondoka. Hii ni picha ya kitu kigumu au kimiminiko, si gesi.

Ya pili ni ya nyuki ndani ya mzinga. Hapa kuna mwendo, nayo ni hatua mbele. Lakini nyuki wana nia, hukwepa ukuta, huchoka na hulala usiku. Mwanafunzi atauliza, na ana haki ya kuuliza, molekuli hupumzika saa ngapi.

Ya tatu, ambayo tunaipendelea, ni ya mvua juu ya bati. Matone ni mengi, hayana nia, kila moja ni dogo, na mvua ikikolea sikio halitofautishi tone na tone; husikika mvumo mmoja. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kukaa darasani chini ya mabati wakati wa masika anajua jinsi mapigo mengi yanavyogeuka kuwa kitu kimoja kisichokatika, mpaka mwalimu hasikiki. Tena mvua inaweza kuzidi kwa njia mbili: matone yawe mengi zaidi, au kila tone lipige kwa nguvu zaidi. Hayo ndiyo yale mambo mawili tuliyoyataja. Upungufu wake ni kuwa mvua hutoka juu tu, ilhali molekuli hugonga kuta zote, pamoja na kifuniko kutoka chini. Na mvua hukatika, ilhali mapigo ya molekuli hayakatiki. Mwalimu akiyasema mapungufu hayo mwenyewe, tashbihi itamfaa badala ya kumharibia.

Upepo, mtungi na kopo tupu

Lugha ya kila siku nayo ina mchango wake, mwema na mbaya. Fundi wa baiskeli husema gurudumu halina upepo, naye hulitia upepo. Mwalimu wa sayansi angeweza kumsahihisha aseme hewa, kwa kuwa upepo ni hewa iliyo katika mwendo. Kumbe fundi yuko karibu na ukweli kuliko anavyodhaniwa: ndani ya gurudumu lililosimama kimya, molekuli zinakwenda kwa kasi ambayo hakuna dhoruba iliyowahi kuifikia, ila tu kila moja inaelekea kwake.

Mtungi wa gesi ya kupikia, kwa upande mwingine, ni mfano unaopotosha, ijapokuwa ndio unaokuja kwanza akilini mtu akisikia neno gesi. Ndani ya mtungi sehemu kubwa ya kilichomo ni kimiminiko. Unapopika, kimiminiko hugeuka gesi kujaza pengo, na kanieneo haishuki sana mpaka kimiminiko kikaribie kwisha. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa molekuli zikipungua mapigo hupungua atauona mtungi ukimkanusha mwalimu wake. Mfano huu uachiwe somo la juu zaidi.

Neno linalotutia wasiwasi zaidi ni tupu. Tunasema chupa tupu, kopo tupu, debe tupu. Katika mazungumzo maana yake ni kuwa kilichokusudiwa kimekwisha. Katika sayansi, kopo hilo limejaa hewa. Chukua kopo la dawa ya kunyunyizia mbu ambalo dawa yake imekwisha. Mwenye nyumba huliita tupu na kulitupa kwenye moto wa takataka. Ndani yake bado mna gesi iliyofungiwa. Ikipashwa kutoka nyuzi 27 hadi nyuzi 627 za Selsiasi, yaani kutoka 300 hadi 900 katika vipimo vya Kelvini, kanieneo huwa mara tatu, kama kopo halijapasuka kabla ya hapo. Kopo hupasuka, na vipande huruka kuelekea waliokaa kando ya moto, ambao mara nyingi ni watoto.

Maonyo ya namna hii huandikwa kwenye makopo, na watakaoyatafsiri kwa Kiswahili ni wanafunzi wetu. Anayetafsiri "usichome kopo tupu" bila kufahamu kuwa kopo hilo si tupu ataandika onyo ambalo msomaji ataona halina mantiki, na onyo lisilo na mantiki halifuatwi. Tunapendekeza: "Usilitupe kopo hili motoni hata dawa ikiisha, gesi iliyobaki ndani italipasua." Maneno ni mengi zaidi, lakini sababu imo.

Je, kosa ni la Kiswahili?

Wapo watakaosema kuwa matatizo haya yanathibitisha kuwa Kiswahili hakikuumbwa kwa ajili ya fizikia. Historia ya nadharia yenyewe inawakanusha. Robert Boyle, ambaye mwaka 1662 alichapisha kanuni inayohusisha kanieneo na ujazo, aliifananisha hewa na sufu ya kondoo inayobonyea na kufutuka. Isaac Newton katika kitabu chake cha 1687 alionyesha kuwa kanuni hiyo ingeweza kupatikana hata kama chembe zingekuwa zimetulia na kufukuzana. Picha ya kubana, ambayo tunaikosoa katika madarasa yetu, ndiyo iliyowatosha wanasayansi hao wakubwa.

Ilipofika 1738, Daniel Bernoulli alieleza kanieneo kwa mapigo ya chembe zinazokwenda mbio. Wazo lake halikushika kwa takriban karne nzima. John James Waterston, aliyekuwa akiwafundisha wanamaji vijana wa Kampuni ya Mashariki ya India huko Bombay, alituma andiko juu ya wazo hilo hilo kwa Royal Society ya London mwaka 1845. Lilikataliwa, likawekwa kwenye makabati, na lilichapishwa 1892 baada ya Lord Rayleigh kuligundua, mwandishi akiwa amekwisha fariki. Wakati huo Rudolf Clausius, katika andiko la 1857, na James Clerk Maxwell, katika lile la 1860, walikuwa wamekwisha kuisimamisha nadharia hiyo.

Tunachojifunza ni kuwa ugumu hauko katika lugha fulani. Akili ya binadamu, ikiona kitu kinasukuma, hukimbilia picha ya kubana. Kuitoa huko na kuipeleka kwenye picha ya kugonga kulihitaji muda mrefu kwa Kilatini, Kiingereza na Kijerumani pia. Kiswahili kinaingia katika kazi hii kikiwa na zana nzuri: gonga, gongana, gongagonga, dunda. Ni juu yetu kuzitumia kila moja mahali pake.

Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonyesha kuwa maelezo ya kanieneo ya gesi huharibika zaidi kwenye vitenzi kuliko kwenye istilahi. Kwa msingi huo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kanieneo iendelee kutumika katika fizikia, shinikizo libaki kwenye tiba na siasa, na mgandamizo kwenye hali ya hewa na pale gesi inapotendewa. Mjadala wa jina usitumalizie muda. Pili, somo la minyambuliko lifundishwe pia kwa matini za sayansi, ili mwanafunzi aone kuwa -an- inaweza kuifanya sentensi iwe kweli au uongo. Tatu, mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha tafsiri ya kisayansi asiridhike na upatanisho wa kisarufi. Aulize nani anamtenda nani, na amuulize mwenzake wa idara ya fizikia pale inapobidi.

Kwa kuwa si haki kubomoa bila kujenga, tunamalizia kwa kutoa matini mbadala ya sentensi tuliyoihakiki. Walimu wanaweza kuitumia kama kielelezo, au kuwapa wanafunzi waihakiki nayo:

"Gesi iliyofungiwa ndani ya chombo ni molekuli zilizotawanyika, na sehemu kubwa ya nafasi iliyo kati yake haina kitu. Molekuli hizo hazitulii. Kila moja husafiri kwa kasi katika mstari ulionyooka mpaka igongane na nyingine au iugonge ukuta wa chombo. Inapougonga ukuta hudunda na kurudi, na ukuta hupata pigo dogo. Mapigo ya namna hiyo ni mengi mno na hayakomi, hivyo kwa pamoja huwa msukumo mmoja usiokatika. Msukumo huo ukigawanywa kwa eneo la ukuta unaogongwa ndio tunaouita kanieneo. Molekuli zikiongezwa, mapigo huwa mengi zaidi. Zikipashwa moto, mapigo huwa mengi zaidi na makali zaidi."